Pembeni ni wapi? Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya barabara za Mtwara

Waheshimiwa wahandisi, wakurugenzi, madiwani na maofisa wa usalama barabarani mnaohudumia Manispaa ya Mtwara Mikindani,

Asalaam aleikum, na kwa wasioitika hivyo, habari za kazi.

Mimi ni fundi baiskeli. Kijiwe changu kiko chini ya mwembe, nje kidogo ya mji, pale lami inapoachana na njia ya mchanga inayoingia mitaani. Nimekaa pale zaidi ya miaka 20. Ni barabara gani, sitasema, maana nikiitaja hiyo moja litapelekwa greda siku moja, picha zitapigwa, na nyingine zote zitabaki zilivyo. Isomeni barua hii kama imetoka Naliendele, au Magomeni, au Ufukoni, au Mikindani. Huku kwetu pembezoni hali hazipishani sana.

Kila fundi ana kitu anachokisoma. Mimi nasoma baiskeli. Ikiletwa ringi la nyuma limekunjwa na keria imeingia kwenye kiti, hiyo imegongwa kwa nyuma. Uma ukiwa umerudi ndani mpaka tairi linagusa fremu, mtu ameingia mtaroni au amelivaa tuta usiku. Lakini kuna aina moja inayonishughulisha kuliko hizo zote: baiskeli isiyovunjika kitu, ila ncha ya usukani na pedeli ya kulia zimekwanguliwa mpaka chuma kinang'aa. Za namna hii zimeongezeka kijiweni kwangu tangu tuwekewe lami. Ya kulia, waheshimiwa. Sisi tunaendesha kushoto. Kushoto ndiko kwenye mchanga, kulia ndiko kwenye magari. Aliyeileta baiskeli hiyo aliangukia kwenye magari.

Mwaka jana, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto, alinijia kijana muuza samaki, mmoja wa hawa wanaoamka alfajiri kuwahi mzigo feri kisha wanazunguka nao mitaani na tenga nyuma. Baiskeli ilisukumwa na mdogo wake. Yeye mkono ulikuwa umefungwa hogo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Pole, mwanangu. Imekuwaje?"

"Nilikaa pembeni, mzee. Wallahi nilikaa pembeni."

Akanieleza. Lori lilimpigia honi kwa nyuma, akatoka kwenye lami akaingia mchangani. Lori likapita. Akataka kurudi juu, baiskeli ikagoma kupanda, ikamwaga yeye na vibua vyake katikati ya barabara. Bajaji iliyokuwa inalifuata lori ilifunga breki ikasimama hatua mbili kutoka kichwani kwake. Dereva wa lori hakujua lolote, na sina hakika kama nina haki ya kumlaumu. Nilitazama pedeli: ya kulia.

Niwaeleze kinachotokea, maana anayepita pale ndani ya gari hawezi kukihisi. Lami inapokabidhiwa, kifusi cha pembeni huwa kimeshindiliwa kikawa sawa na lami yenyewe. Zinapita mvua mbili za masika, mchanga wetu huu wa pwani unachukuliwa, magari yanayokwepana yanachimba, na kati ya lami na ardhi inabaki ngazi. Nimeipima mahali: vidole vyangu vinne vikilazwa vinaenea. Tairi la gari linaishuka na kuipanda bila abiria kukatiza maneno. Tairi la baiskeli ni jembamba. Ukitaka kurudi juu taratibu, kama anavyofanya kila mtu, gurudumu la mbele halipandi. Linajisugua kwenye ukuta wa lami. Usukani unakataa kukata kona, na mwili wako umeshaegemea kulia. Hapo hakuna ujanja. Mwenye mzigo wa kilo 40 kwenye keria anaanguka haraka kuliko asiye na mzigo, na huku kwetu baiskeli isiyo na mzigo ni ya mtoto anayejifunza.

Watu wanaoshuhudia wanasema, "Kaanguka mwenyewe." Na sidhani kama kuna daftari la ajali litakaloandika kwamba alitupwa na kimo cha vidole vinne.

Sasa nataka kuuliza swali langu, na ndilo lililonifanya niombe kalamu. Tangu shuleni tunafundishwa kukaa pembeni. Honi inatuambia pembeni, kondakta wa daladala anatuambia pembeni, askari anatuambia pembeni, na maiti akizikwa wanaulizana kaburini kama marehemu alikuwa amekaa pembeni. Pembeni ni wapi?

Mjukuu wangu mdogo yuko darasa la pili. Asubuhi moja nikamsindikiza, si kwa kumlinda, bali nione anapita wapi. Kutoka kwenye mwembe, pembeni kuna lundo la mchanga wa mtu anayejenga. Limekaa tangu Ramadhani. Tukalizunguka kwa kupita kwenye lami. Mbele kidogo kuna bajaji tano zinazosubiri abiria, zimepanga mstari mzuri tu, juu ya pembeni. Tukapita kwenye lami. Ikafuata nguzo ya umeme, halafu genge la nyanya la jirani yangu ambaye nampenda na sitaki mkamvunjie. Baada ya genge unaanza mtaro wa zege, wazi, kina chake kinamfika mtoto kifuani. Mtaro umefunikwa mbele ya maduka peke yake, kwa sababu wenye maduka walinunua mifuniko wenyewe ili wateja wavuke. Kati ya duka na duka, mjukuu wangu alipanda kwenye ukingo wa mtaro akatembea juu yake mikono ameitanua kama ndege. Ukingo ule una upana wa tofali. Nilipomkemea akanishangaa: "Babu, wote tunapita hapa." Kweli, wenzake walikuwa mbele yetu, msururu mzima, na mabegi mgongoni. Upande mmoja mtaro, upande wa pili pikipiki.

Alikuwa ameshapata jibu la swali langu. Pembeni ni upana wa tofali moja.

Msiniambie hakuna nafasi. Mtwara si Kariakoo. Mji huu Waingereza waliupanga mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi wao wa karanga, wakachimba bandari, wakatandika reli kwenda Nachingwea, wakidhani utakuwa mji mkubwa kweli. Karanga zikakataa, reli ikang'olewa tukabaki na jina la kata ya Reli, lakini vipimo vya barabara pana vikasalia. Tazameni barabara za katikati ya mji: nafasi iko tele. Na huko nje kwenye barabara kuu na za mkoa, baada ya Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake, tuliambiwa hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kuanzia katikati. Nyumba zikachorwa X nyekundu. Sawa, sheria ni sheria. Lakini lami yenyewe, hata ukiijumlisha na mabega yake, haifiki mita 6 kila upande. Zinazobaki ni zaidi ya 20, na X zimezilinda vizuri. Katika hizo mimi naomba mita mbili. Mita mbili zilizosawazishwa, zikashindiliwa, zikatenganishwa na magari kwa jiwe au kwa mfereji, mtu apite na baiskeli yake na mwingine apite na ndoo kichwani bila kusukumana.

Kwenye mitaa ya ndani, ile iliyo chini ya TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini, tangu ulipoundwa 2017, naomba hata pungufu ya hapo: mtaro ufunikwe. Mtaro ukifunikwa unakuwa njia ya miguu papo hapo, bila kubomoa kibanda cha mtu. Mtasema mifuniko ni ghali. Waheshimiwa, saruji inatengenezwa hapahapa Mtwara tangu 2015, inapita mbele ya kijiwe changu kwenye malori ikienda kujenga kwingine. Vijana wanaojua kufyatua mifuniko wapo, wamekaa vijiweni. Kinachokosekana ni mstari mmoja katika makadirio ya kazi: mtaro, na mfuniko wake. Mfuniko wenye tundu za kuinulia, tafadhali, ili mchanga uzolewe. Ukiufunga moja kwa moja, masika ya pili maji yatapita sebuleni kwetu.

Nakuja kwenye mwendo. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inasema kwenye makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Sidharau sheria, lakini 50 katikati ya watoto ni mwendo mkubwa, na hili sikulijua mpaka mjukuu wangu mkubwa, binti aliye kidato cha nne, aliponikokotolea kwenye karatasi ya fizikia. Gari iliyo kwenye 50 inakwenda karibu mita 14 kwa sekunde moja. Dereva akishtuka kwa sekunde hiyo moja tu, mita 14 zimeshakwenda kabla mguu haujagusa breki. Breki nzima, lami kavu, inahitaji kama mita 14 nyingine. Jumla 28. Gari iliyo kwenye 30 jumla yake ni kama 13.

Tukashika kamba tukapima. Mita 13 kutoka kwenye mwembe ni kwa mama anayeuza mihogo ya kukaanga. Mita 28 ni kumpita yeye, kulipita duka la vocha, mpaka kwenye mlango wa msikiti. Binti akaniuliza, "Babu, mtoto akitokea mita 20, kwenye duka la vocha?" Akajijibu mwenyewe: yule wa 30 ameshasimama zamani, anamtukana mtoto kupitia dirishani. Yule wa 50 anamfikia mtoto akiwa bado na mwendo wa zaidi ya 30. Nikakaa kwenye kigoda changu nikalitazama lile duka la vocha. Watoto hununua pipi pale.

Kwa hiyo naomba kibao cha 30 kwenye mitaa yote ya makazi na kwenye kila barabara inayopita mbele ya shule. Si wazo langu mimi. Mawaziri wa nchi nyingi walipokutana Stockholm mwezi Februari 2020 walikubaliana kwamba penye waenda kwa miguu na baiskeli kuchanganyika na magari, 30 ndio uwe mwisho. Ila kibao peke yake, hapana. Kibao kitafungiwa mbuzi. Mwendo unapunguzwa na umbo la barabara: kivuko kilichoinuliwa, kona iliyobanwa ili gari ikate taratibu, njia iliyopunguzwa upana.

Na hapo kwenye matuta nina ugomvi wangu wa kifundi. Matuta yetu yanaachwa na pengo kila mwisho, maji yapate kupita. Nani anapita kwenye pengo? Bodaboda. Hawapunguzi mwendo hata kidogo, wanalikwepa tuta kwa kuingia pembeni, na pembeni pale ndipo mtoto amesimama akisubiri kuvuka kwa sababu aliambiwa avukie kwenye tuta. Simama penye tuta lolote saa 1 kasoro asubuhi uhesabu. Dawa yake ni nguzo mbili fupi za zege katika kila pengo: maji yanapita, mtu anapita, pikipiki haipiti. Nguzo mbili. Na tuta lenyewe liwe pana na la mteremko, si mgongo wa punda. Hayo makali yanavunja spoku za wenye mizigo, na ingawa yananipa riziki, riziki nyingine mtu unaona haya kuila.

Msimu wa korosho ndio mbaya zaidi. Malipo yakitoka, pikipiki mpya zinaingia mtaani na vijana waliojifunza juzi uwanjani. Juu ya hayo yako malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kwenda bandarini. Bandari ikichangamka ni heri yetu sote. Mwanangu mmoja anabeba mizigo pale. Lakini malori yale hupita Mikindani, na Mikindani hakuna mita 30 za kugawa. Kuna nyumba za mawe za karne nyingine, kuna bahari, na kati yake kuna barabara. Watalii huoneshwa kwamba Livingstone alishukia ghuba ile Machi 1866 akaondoka kwa miguu kwenda bara. Leo mzee wa watu angeanza kwa kusubiri malori saba yapite ndipo avuke. Pale hamuwezi kuongeza nafasi, kwa hiyo punguzeni mwendo: 30 mwanzo hadi mwisho wa mji, vivuko vya kuinuliwa, na askari asiyesimama mahali palepale kila siku.

Kuna mahali hapa nchini mambo haya yamefanyika bila mabilioni. Dar es Salaam, shirika la Amend lilizunguka kwenye shule za msingi zenye ajali nyingi, likaangalia watoto wanapita wapi kwa miguu yao, si kwa ramani, likatengeneza kile kidogo kilichohitajika: kipande cha njia ya miguu, nguzo, tuta, alama za kivuko, mahali pengine geti la shule likahamishiwa upande wa mtaa usio na magari mengi. Geti tu kuhamishwa! Watoto wanaoumia maeneo hayo walipungua kwa takriban robo, na mwaka 2019 kazi hiyo ikapata tuzo ya kimataifa ya miji kutoka taasisi ya WRI. Nani atasema Mtwara hakuna geti la kuhamisha?

Nami nisijifanye mtakatifu. Baiskeli ngapi zimetoka kijiweni kwangu bila breki ya mbele, mwenyewe akisema atasimamisha kwa kandambili kwenye tairi? Ngapi hazina hata kioo chekundu nyuma, na mtu anarudi nazo saa 2 usiku kutoka sokoni? Mteja akisema hana hela ya breki, nilikuwa namwachia. Tangu yule kijana wa samaki, sirudishi baiskeli isiyo na breki, na kioo cha nyuma nafunga kwa bei niliyonunulia. Nimepoteza wateja wawili watatu, wamehamia kwa fundi wa jirani. Wenye magenge na bajaji nao tumeanza kuongea, ile mistari mizuri isogee ndani kidogo. Lundo la mchanga bado linanishinda. Mwenyewe yuko Dar.

Hela ninajua mtaisema. Mwaka 2016 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lilizishauri serikali zitenge angalau asilimia 20 ya bajeti ya usafiri kwa ajili ya watembea kwa miguu na baiskeli. Mimi siombi ishirini. Naomba barabara inayofuata kuwekwa lami, kabla ya mkandarasi kulipwa cha mwisho, mtu akague pembeni kama anavyokagua katikati. Na baada ya kila masika, kabla hata ya kuziba mashimo, greda na kifusi vipite kuijaza ile ngazi ya vidole vinne. Shimo gari hulikwepa. Ngazi ile sisi hatuna pa kuikwepea.

Tena kabla hamjasaini mchoro mwingine wowote, njooni kwanza. Msije saa 4 asubuhi na msafara. Saa 4 barabara imetulia, watoto wako darasani, samaki wameshauzwa. Njooni saa 12 na nusu, siku ya shule. Nina baiskeli mbili aina ya Phoenix za kuazimisha, ringi nimezinyoosha na breki nimekaza mwenyewe, mbele na nyuma. Kwenye keria nitafunga madumu mawili ya maji ya lita 20, mzigo wa kawaida wa mama yeyote wa huku. Mtapanda kutoka kwenye mwembe mpaka shuleni, mwendo wa dakika kumi, mkikaa pembeni. Mimi nitawafuata kwa miguu na mjukuu wangu wa darasa la pili, yeye atawaonesha njia.

Kiti nitashusha kwa urefu wa kila mmoja. Tyubu ikipasuka ni juu yangu.

Fundi baiskeli,
chini ya mwembe, Mtwara